Far Cry 2: gemu tamu, nchi isiyo na mama ntilie



Waliokuwa wanasubiri sehemu ya pili ya visa vyangu vya mazoezi ya kufundisha wavumilie kidogo, itakuja. Leo naongelea gemu. Najua wapo watakaoguna: ticha mtarajiwa, tena wa Historia na Jiografia, anaandika habari za gemu za bunduki wakati mitihani inabisha hodi? Ndiyo, naandika. Watoto tutakaokwenda kuwafundisha wanajazana kwenye mabanda ya gemu kila wakipata mia tano. Kama hatujui wanachokiona kule ndani, tutawafundisha nini kuhusu Afrika ambacho hakijafundishwa tayari na pedi ya kuchezea?

Kwanza niwaweke sawa wale ambao gemu kwao ni mpira tu. Far Cry 2 ilitengenezwa na kampuni ya Ubisoft kule Montreal, Kanada, ikatoka Oktoba 2008. Ni ya zamani, na ndiyo maana inakubali kwenye laptopu yangu ya mtumba, ambayo gemu za siku hizi ikiziona tu inazima kwa hofu. Unacheza kama mamluki anayeingia kwenye nchi moja ya Afrika isiyotajwa jina, iliyosambaratika kwa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Umetumwa kumuua muuza silaha anayeitwa Jackal, ambaye amewauzia bunduki wote wanaopigana. Kuna makundi mawili, UFLL na APR, na unayafanyia kazi yote mawili. Malipo ni almasi. Hakuna anayekupangia njia: panda gari, panda boti, tembea, lala, washa moto, ni juu yako. Injini ya kompyuta inayoendesha yote haya inaitwa Dunia. Neno letu kabisa, hata kama na sisi tuliliazima kwa Waarabu.

Wengine mtasema hii si gemu ya kiama kama zile za mabomu ya nyuklia na watu wanaopigania maji kwenye magofu. Ni kweli, yenyewe haijiiti hivyo. Lakini cheza saa mbili tu. Barabara tupu, nyumba tupu, magari yaliyoungua, na karibu kila unayekutana naye ana bunduki na anataka kukuua. Hicho ni kiama, jamani. Mwezi huohuo wa Oktoba 2008 ilitoka Fallout 3, ambayo ni kiama cha Marekani: mji wa Washington baada ya vita ya nyuklia, mwaka 2277. Ona tofauti. Kiama chao kimewekwa miaka zaidi ya 200 mbele. Cha kwetu kimewekwa leo, na hakikuhitaji hata bomu.

Hilo ndilo linaloniwasha. Lakini tumtendee haki mtahiniwa, tuanze na anachokijua.

Kwanza, mwili. Gemu nyingi za bunduki zinakupa mwili wa chuma: unapigwa risasi kumi, unajificha nyuma ya ukuta, unapona. Humu ukiumia vibaya unaiona mikono yako mwenyewe ikichomoa risasi kwa koleo au ikinyoosha mfupa uliopinda. Halafu una malaria. Tangu siku ya kwanza! Umefika kumuua mtu, badala yake unaanguka kwa homa, na huyo mtu ndiye anayekuja kusimama kando ya kitanda chako. Huko mbele, homa inakuja wakati wowote, macho yanafifia, lazima umeze kidonge. Sisi wa ukanda huu wa ziwa tunajua kwamba dawa mseto ni vidonge vinne vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu, wala humezi kimoja ukaendelea kurusha risasi. Sawa. Lakini nimependa wazo lenyewe: mgeni mwenye bunduki kubwa anaweza kuangushwa na mbu.

Pili, silaha zinachakaa. Ukiokota bunduki ya adui ina kutu, na itakwama siku ile unayoihitaji zaidi. Kwa hiyo hukimbii ukifyatua ovyo kama kwenye sinema. Unapanga, unahesabu, unaogopa. Na ramani ni karatasi unayoishika mkononi, huku gari likiendelea kwenda. Ukiisoma sana utagonga mti.

Tatu, moto. Hapa niwavulie kofia. Ukiwasha nyasi kavu, moto unafuata upepo, unaruka kwenye miti, unawazunguka maadui, na upepo ukigeuka unakurudia wewe. Aliyewahi kuona watu wakichoma mashamba Usukumani mwezi wa tisa ataelewa. Baadhi ya watengenezaji walisafiri hadi Kenya kujionea mandhari kabla ya kuichora, na inaonekana. Ile rangi ya vumbi saa kumi na mbili jioni hawakuiotea tu.

Nne, hadithi haikupi ushujaa wa bure. Makundi yote mawili yameoza, na wewe pia. Huji kuwaokoa Waafrika kama mzungu wa kwenye filamu. Unaongeza uharibifu, na gemu inakuambia hivyo usoni. Mwishoni kabisa (kama bado hujaimaliza ruka sentensi hii) kitu pekee chenye maana kinachobaki ni kutumia almasi kuwahonga walinzi wa mpaka ili wakimbizi wapite.

Sasa kalamu nyekundu.

Udhaifu ambao kila aliyeicheza anaulalamikia ni vizuizi vya barabarani. Unafika kwenye kizuizi, unapigana dakika kumi, unawamaliza wote. Unakwenda mbele kidogo, unarudi, wapo tena! Wamekaa palepale, wamejaa vilevile. Ukifanya safari tano umepigana vita kumi, na hakuna ulichobadilisha. Ajabu zaidi, hata kundi lililokutuma asubuhi linakupiga risasi mchana. Gemu inasema kazi zako ni za siri, askari wa kawaida hawajui. Haya, tukubali. Lakini siri hiyo inachosha. Na wahusika wanaongea haraka mno, kama vile muda wa maongezi unakaribia kuisha kwenye simu.

Kijiografia nayo ina vituko. Ramani nzima ni kama kilometa za mraba 50. Kisiwa chetu cha Ukerewe peke yake kina zaidi ya 500. Ndani ya hizo 50 wamebana jangwa, msitu mnene, savana, mabwawa na mito. Mwanafunzi wangu wa kidato cha pili akinichorea nchi ya namna hiyo nitamwita ofisini. Najua ni gemu na nafasi ni ndogo. Ila ndiyo ile tabia ya kuichukua Afrika nzima, kuitia kwenye blenda, na kutoa juisi moja isiyo na jina.

Lakini dosari kubwa kuliko zote kwangu ni hii: humo ndani hakuna watu.

Raia utawaona kwa nadra sana. Mwanzoni, ukiwa kwenye teksi, unapita watu wanaokimbia. Utawaona kanisani katika mji wa Pala, kwa padri anayeitwa Father Maliya. Utawaona wachache kwenye nyumba za mafichoni, ambako unawapelekea karatasi za kusafiria, wanakupa vidonge vya malaria. Basi. Kuna boti, lakini sikukutana na mvuvi. Kuna stendi za mabasi za kukuhamisha upande mmoja wa ramani hadi mwingine, lakini hakuna abiria wala mpiga debe. Nenda Nyegezi saa kumi na moja alfajiri uniambie kama umewahi kuona stendi ya namna hiyo. Maduka niliyoyakuta yote yanauza silaha. Hakuna sabuni, chumvi wala sigara za rejareja. Bunduki tupu. Nilitembea nchi nzima nikijiuliza swali moja la kijinga: hawa wanaume wote wanaopiga risasi kutwa nzima, nani anawapikia?

Rafiki yangu mmoja wa hapa Malimbe, bingwa wa gemu, alinijia juu. "Ticha, hiyo ni vita. Raia wamekimbia. Ungetaka wakae barabarani wapigwe risasi?" Akaongeza kwamba ukiweka raia, mchezaji atawaua kwa makusudi, na kampuni itaingia matatani. Hoja ina uzito, siikatai.

Lakini Fallout 3 ilikutana na tatizo hilohilo. Mle kuna mji wa Megaton, umejengwa kwa mabati kuzunguka bomu ambalo halijalipuka. Kuna duka, baa, wagonjwa, watoto. Nje ya lango kuna ombaomba anayeomba maji safi. Watoto hawauliki, watengenezaji walizuia. Kuna dada mmoja mwenye duka anakuomba umsaidie kuandika kitabu cha kuwafundisha watu jinsi ya kuishi kwenye magofu. Fikiria: dunia imeisha na bado mtu anaandika kitabu cha kiada! Kwa hiyo tatizo lilikuwa na dawa. Kiama cha Marekani kilipewa soko, na hata mwalimu wa aina yake. Nchi ya Afrika ikapewa vizuizi.

Na kuhusu raia kukimbia, sisi wa kanda hii hatuhitaji kuhadithiwa na gemu. Tarehe 28 Aprili 1994, watu waliokimbia mauaji ya Rwanda walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo kuingia Ngara. Ndani ya siku moja hivi walikuwa zaidi ya laki mbili. Miili ya waliouawa iliteremka na mto Kagera hadi kwenye ziwa hili hili tunalolitazama kutoka kwenye mawe. Kama kuna kitu kinachostahili kuitwa kiama, ni kile.

Ninaye mwenzangu chuoni, kwao ni Ngara. Bibi yake alikuwa anapeleka ndizi za kupika kambi ya Benaco. Anasema wiki chache tu baada ya watu kufika, tayari kulikuwa na soko. Kulikuwa na kinyozi, fundi cherehani, mama anayechemsha maharage, na watu wanaogombania chenji. Watoto wakakalishwa chini ya mti wakaanza kuhesabu. Huko Kigoma, kambi ya Nyarugusu ilianzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na kuna watu waliozaliwa humo, wakasoma humo hadi wakawa walimu humo. Watu wakikimbia hawatoweki. Wanahamisha sufuria, wanatafuta mafiga matatu, maisha yanaendelea kwa uchungu. Hiyo ndiyo sehemu ya vita ambayo gemu haikuiona, na ndiyo sehemu kubwa kuliko zote.

Wakubwa zangu wa Mwanza mnakumbuka ile dokumentari ya 2004 ya Hubert Sauper, *Darwin's Nightmare*, ambayo wengi tunaiita filamu ya mapanki. Sangara wetu, ndege za mizigo, tuhuma kwamba ndege hizo zilihusika na silaha. Iliingia hadi kwenye orodha ya kuwania Oscar, na mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea hadharani. Sitaki kufufua ugomvi ule, kila mtu ana upande wake. Ila angalau mle kulikuwa na watu: mlinzi, wavuvi, akina dada, watoto wa mtaani. Ungeweza kubishana na filamu ile kwa kusema, "Jirani yangu hayuko hivyo." Na Far Cry 2 utabishana vipi? Hakuna jirani.

Kwa nini nakomaa na hili? Kwa sababu mtoto wa Igoma au Kirumba anayelipa mia tano bandani anaona nchi yenye vumbi kama letu, miti kama yetu, malaria kama yetu, halafu humo ndani hakuna mtu kama mama yake. Hatajifunza kuwa muuaji, hizo ni hofu za wazazi. Atajifunza kitu cha taratibu zaidi: kwamba Afrika ikiwa kwenye skrini, watu wa kawaida si lazima wawepo. Na wale ndugu zetu wanaosoma kompyuta, ambao kila siku mnasema mtatengeneza gemu ya Kitanzania, anzieni hapo. Kabla hamjaweka bunduki ya kwanza, wekeni mama ntilie. Mpeni jina, mpeni wateja wanaokopa. Vita ikifika kwake, mchezaji atajua ni nini kinachopotea.

Alama zangu ni hizi. Mwili na silaha: 9 kati ya 10. Moto na mandhari: 9. Hadithi: 7. Barabara na vizuizi: 4. Watu: 1, na hiyo moja nimempa Father Maliya. Jumla 30 kati ya 50. Hajafeli. Ichezeni, mtaifurahia, nami nitaendelea kuicheza nikimaliza mitihani. Ila pembeni ya karatasi yake nimemwandikia kwa kalamu nyekundu: "Una akili, lakini hujajibu swali. Nani anapika?"

Nawasilisha. Bumu likitoka mnijulishe.