LORI LA USHIRIKA: MPYA KWA KARATASI, JE KWA INJINI?



Mkutano uliopita Kamati ya Ununuzi ilitutangazia lori la mtumba: International ya Kimarekani ya mwaka 2012, injini MaxxForce 13. La pili, Scania 124 ya mwaka 1999, likakataliwa pale pale. Sababu? Ati ni la zamani. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Hivi ndugu zangu, lori ni mkate, kwamba wa leo lazima uushinde wa juzi? Gari halihesabiwi miaka tu. Unauliza: mwaka ule kiwandani walibadili nini?

Marekani sheria ya moshi ilikazwa mwaka 2010. Viwanda vingine vikanyunyiza maji ya urea kwenye ekzosi kuusafisha moshi. Watengenezaji wa International, wakati ule wakiitwa Navistar, wakashika njia yao: kuurudisha moshi mwingi ndani ya injini. Sasa moshi ule ni wa moto tena una masizi, lazima upozwe kwanza kwa maji ya rejeta. Kipozea moshi kikiziba, gari halina nguvu. Kikipasuka, maji yanaingia kwenye injini, na hapo fundi anafungua kila kitu. Mwaka 2012 kampuni yenyewe ikatangaza kuhamia urea. Wenye malori ya matoleo ya 2011 hadi 2014, yenye MaxxForce 11 na 13 za namna hiyo, walikwenda mahakamani. Kesi ikaishia kwa mapatano ya dola milioni 135. Na hao ni watu wenye karakana kubwa kila mji! Sisi tunaye fundi mmoja chini ya mwembe, kompyuta hana.

Scania ile jina lake linajieleza: 12 ni lita za injini, 4 ni toleo la nne. Toleo hilo lilianza 1995, kwa hiyo mwaka 1999 kiwanda kilikwisha lizoea. Mafundi wa mjini nao wamelizoea.

Sisemi Scania ni malaika. Nayo ikapimwe! Iwashwe asubuhi ikiwa baridi, siyo dalali aje nayo imeshachemka. Ifunguliwe mfuniko wa oili injini ikinguruma: moshi ukisukuma kwa nguvu, ringi zimekwisha. Tuangalie kama rejeta ina mafuta juu ya maji. Ipandishwe mlima na mzigo. Injini iliyooshwa ikang'aa kama sufuria ya harusi, mimi nilipokuwa utingo tuliiogopa, maana inaficha inapovuja.

Fundi awe wetu, siyo wa dalali. Tumekatwa shilingi hamsini kwa kila kilo ya alizeti misimu mitatu kwa ajili ya lori hili, akina mama wengine wakakosa ada za watoto.

Jumamosi nitasimama kumwuliza Mwenyekiti: namba za injini na chesi za malori yote mawili zibandikwe hapa ubaoni kabla ya kura. Kama Kamati imeziona, kuna ugumu gani?

Mwanachama, mkulima wa alizeti