Tuwachagulie watoto picha zipi?



Watoto wetu hujifunza shuleni kusoma, kuandika na kuhesabu. Lakini ni wachache wanaofundishwa kuitazama kazi ya mikono ya watu wa kale, na kujua ilifanywa na nani, lini na kwa sababu gani. Mafundisho hayo yametuangukia sisi nyumbani. Labda baba mmoja atasema: «Mimi si mchongaji wala mchoraji, nitamfundisha mtoto nini?» Hapana lazima kuwa fundi. Yatosha kuwa na saa moja ya jioni kila juma, na picha chache zilizochaguliwa kwa akili. Leo tuzungumze habari ya kuchagua.

Neno la kwanza: tuanze kwetu. Vitabu vingi vya historia ya sanaa huanza Misri, hupita Ugiriki na Roma, kisha hukaa sana Italia na Ufaransa. Afrika hupewa kurasa mbili tatu karibu na mwisho. Mtoto asiye na kitabu kingine ila hicho atafikiri kwamba babu zake walikaa bure tu. Wazee walisema: Mwacha mila ni mtumwa. Basi picha ya kwanza itoke Kongo.

Chukueni, kwa mfano, sanamu ya mfalme Shyaam wa Wakuba, iliyo katika British Museum mjini London tangu mwaka 1909. Mfalme ameketi, amekunja miguu, uso umetulia. Mwulizeni mtoto: «Mbele ya mfalme kuna kitu gani?» Atatazama, kisha atasema kwa furaha kwamba ni mchezo wa bao. Kila sanamu ya namna hiyo ina alama yake, na kwa alama hiyo Wakuba walimjua mfalme aliyechongwa. Kisha mwambieni kwamba Shyaam alitawala katika karne ya 17, lakini wataalamu huona kuwa sanamu ilichongwa katika karne ya 18. Hapo mtoto amejifunza jambo ambalo hata wakubwa husahau: mwaka wa mtu na mwaka wa sanamu yake si lazima uwe mmoja.

Neno la pili: kabla ya kununua kitabu, someni maandiko yaliyo chini ya picha. Kitabu kizuri hujibu maswali matano: nani alifanya, wapi, lini, kwa kitu gani, na kwa kazi gani. Kitabu kinachosema tu «sanamu ya Kongo» kinauza karatasi. Jihadharini pia na kitabu kinachoita kila kitu cha Mwafrika «uchawi»: mwandishi wake hakujisumbua kuuliza kitu hicho kilikuwa cha nini.

Mjue faida ya maswali hayo. Katika Metropolitan Museum ya New York kuna kiti cha enzi cha mti, chenye urefu wa sentimeta 61, kilichochongwa katika karne ya 19. Mwanamke mwenye uso mrefu na mikono mikubwa amekibeba kikalio kichwani. Zamani kazi za namna hii zilihesabiwa kuwa za kabila tu, kana kwamba kabila zima laweza kushika tezo moja. Mtaalamu mmoja wa Ubelgiji, Frans Olbrechts, aliyetoa kitabu kikubwa cha sanamu za Kongo mwaka 1946, alizilinganisha nyuso na mikono, akaona zimetoka kwa fundi mmoja au karakana moja. Fundi huyo akaitwa Mwalimu wa Buli, kwa jina la kijiji. Siku hizi jumba hilo la New York laandika kwamba huenda aliitwa Ngongo ya Chintu. Mtoto akijua kwamba mchongaji alikuwa mtu mwenye jina, atakitazama kiti kile kwa heshima nyingine.

Neno la tatu: angalieni vipimo. Katika kitabu, kitu kidogo na kitu kikubwa hujaza ukurasa sawasawa. Walega wa Maniema na Kivu walichonga vinyago vya mti na vya pembe za ndovu, na vingi vyaenea kiganjani. Wakubwa wa chama cha Bwami hawakuvivaa usoni tu: walivishika mkononi, walivifunga kwenye mkono, au walivitundika juu ya ua. Picha isiyo na vipimo humdanganya mtoto. Mpeni rula na karatasi, achore kitu kwa ukubwa wake wa kweli.

Neno la nne: mzazi atangulie kutazama. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1947, alichora historia ya nchi yetu katika picha nyingi, akamweleza mtaalamu Johannes Fabian maana yake kwa Kiswahili cha huku kwetu. Kitabu cha picha hizo kilitoka mwaka 1996. Ni hazina kubwa kwa kijana. Lakini ndani yake mna damu, vifungo na vifo. Havimfai mtoto wa miaka sita. Kwa aliye mkubwa, semeni pia kwamba mchoraji alichora mambo kama yeye na watu wake walivyoyakumbuka, na kwamba yafaa kuyalinganisha na maandiko mengine.

Neno la tano: vitabu ni ghali, lakini fedha si kizuizi chote. Walio Lubumbashi wana jumba la makumbusho mjini mwao. Walio Kinshasa wana jumba jipya lililofunguliwa mwaka 2019. Saa moja mbele ya kitu chenyewe yapita kitabu kizima. Walio mbali watumie simu: tangu mwaka 2017 jumba la New York tulilolitaja latoa bure kwenye intaneti picha za vitu vyake vingi. Maandiko yake ni ya Kiingereza, na ya majumba mengine ni ya Kifaransa. Mwenye kujua lugha hizo awageuzie watoto kwa Kiswahili.

Wala tusimfungie mtoto katika nchi moja. Akisha kujua ya kwetu, aonyeshwe ya wengine, na aone jinsi yanavyokutana. Mwaka 1907 Picasso aliviona vinyago vya Afrika katika jumba moja la Paris, na mwaka huohuo alimaliza picha iliyobadili uchoraji wa Ulaya. Kitabu cha sanaa ya Ulaya kinacholificha jambo hilo kina upungufu.

Mwisho, mikono nayo ijifunze. Mwaka 1946 palianzishwa karakana ya wachoraji mjini Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mmoja wao, Bela, alichora kwa ncha za vidole. Mwingine, Mwenze Kibwanga, alijaza picha kwa mistari mifupi mifupi. Rangi kidogo na karatasi kuukuu zatosha kwa mtoto kuwajaribu wote wawili.

Basi, chagueni picha 12 kwa mwaka, moja kwa kila mwezi. Fungeni kamba ukutani, mzitundike kwa kufuata miaka, ya zamani zaidi ikitangulia. Vitu vingi vya babu zetu viko London, New York na Tervuren. Mwaka 2022 mfalme wa Wabelgiji alileta Kinshasa kinyago kimoja kikubwa cha Wasuku, tena kwa mkopo usio na mwisho. Mazungumzo ya kurudisha vingine yataendelea, na yatahitaji watu wanaovijua vitu hivyo kwa jina, kwa mwaka na kwa kazi yake. Watu hao leo ni watoto, na jioni wako nyumbani pamoja nasi.