Tuandike Ndege wa Mweru

Bwana Mhariri,

Niruhusu niwanasihi wenzangu tuondokao alfajiri kwenda kutazama ndege kwenye mlango wa mto Luapula, uingiapo ziwa Mweru, ambako ndani ya mafunjo hukaa kijindege cha manjano ambacho aina yake ya huku wataalamu waliiita bensoni, kwa taadhima ya C. W. Benson, mmoja wa waandishi wa kitabu cha ndege wa Zambia cha mwaka 1971. Tusirejee na masimulizi matupu, bali tuandike tarehe, mahali na idadi, kisha tuwaarifu wenzetu wa Nchelenge hata Lusaka. Maana ilimu isiyoandikwa hufa na mwenyewe, na siku mafunjo yatakapofyekwa tutakosa ushahidi wa kuyatetea.

Wasalaam,
Msomaji wako,
Mwansabombwe