Fimbo Si Aibu, Ni Afya

Mvua zikianza, njia za milimani huteleza. Wakazi wa Usambara, Upare, Uluguru na Kilimanjaro wanalijua jambo hili. Nyumba iko juu, shamba liko bondeni. Zahanati iko ng'ambo ya mlima. Kila siku tunapanda na kushuka, na mara nyingi tuna mzigo.

Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, aliteleza akitoka shambani na mkungu wa ndizi. Alivunjika mkono. Muda mrefu hakuweza kushika jembe, na magugu yakajaa shambani. Mwanawe alikwisha kumnunulia fimbo nzuri. Siku ile fimbo ilikuwa nyumbani, nyuma ya mlango.

Nilimwuliza, "Mama, mbona fimbo hukuichukua?"

Akanijibu, "Mwanangu, nikionekana na mkongojo watasema nimeshazeeka."

Jibu hilo limenisikitisha. Mkono umevunjika kwa sababu ya aibu. Maoni yangu ni haya: fimbo si alama ya uzee. Fimbo ni chombo cha kazi, kama jembe na panga. Na fimbo bora si ile ya bei kubwa. Fimbo bora ni ile inayokutosha na isiyokuangusha.

Kuanguka si jambo dogo

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba watu kama 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka. Wengi wao wako katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Mzee akivunjika nyonga, huenda asitembee tena kama zamani. Kijana akivunjika mguu, shamba lake hulala.

Magoti nayo huumia. Watu wengi hudhani kupanda ndiko kunakoumiza magoti. La! Kupanda huchosha mapafu na misuli, lakini kushuka ndiko kunakopiga magoti. Kila hatua ya kushuka, mwili wote huangukia goti moja. Mwaka 1999 wataalamu wa Austria walichapisha vipimo vya watu walioshuka mteremko mkali wakiwa na fimbo mbili. Waliona mzigo unaoliangukia goti umepungua kwa asilimia 12 hadi 25. Mikono ilibeba sehemu ya kazi ya miguu.

Fimbo ya kurefusha na kufupisha

Siku hizi fimbo za wapanda mlima zinaonekana Moshi na Arusha. Wageni na wapagazi huzitumia wanapopanda Mlima Kilimanjaro. Fimbo hizi zina mabomba mawili au matatu, moja huingia ndani ya jingine. Unavuta bomba, fimbo inarefuka. Unalisukuma ndani, fimbo inakuwa fupi. Kisha unafunga kifungio ili bomba lisisogee.

Ukitaka kununua, usikimbilie rangi. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ikague fimbo hivi:

1. Jaribu kifungio. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote. Vuta fimbo hadi urefu wako, ifunge, kisha simamisha ncha chini. Shika mpini kwa mikono miwili, uegemee kwa uzito wako polepole. Fanya hivyo mara tatu. Fimbo ikizama hata kidogo, irudishe kwa mwenye duka. Fimbo inayozama mteremkoni ni mbaya kuliko kutokuwa na fimbo, kwa sababu wewe umeiamini.

2. Tazama aina ya kifungio. Viko vya kuzungusha na viko vya kubana kwa nje. Mimi napendelea cha kubana. Unakiona kwa macho kama kimefunga, na ni rahisi kukifunga mkono ukiwa na tope au baridi.

3. Uliza imetengenezwa kwa nini. Alumini hupinda kama sufuria, lakini kwa kawaida haivunjiki ghafla. Kaboni ni nyepesi zaidi, na mara nyingi bei yake ni kubwa. Ikigongwa vibaya kwenye mawe huweza kukatika mara moja. Kwa njia zetu za mawe, alumini yatosha.

4. Tazama ncha. Ncha ya chuma kigumu hushika vizuri kwenye udongo. Kofia ya mpira hufaa kwenye mwamba na sakafu. Hakikisha kofia haichomoki ovyo.

5. Shika mpini. Usiteleze mkono ukiwa na jasho. Ukanda wa mkono uwe mzima, usiwe na mshono uliofumuka.

Fimbo nyingine zina springi ndani. Springi huongeza bei na uzito. Unaweza kutembea vizuri bila hiyo. Ukinunua fimbo iliyotumika, chomoa mabomba yote uyatazame. Bomba lililopinda au lenye ufa usilinunue, hata kama bei ni ya kutupa.

Kipimo chako ni mwili wako

Simama wima ukiwa umevaa viatu. Weka ncha karibu na mguu wako, ushike mpini. Kiwiko kikunjwe, na mkono wa mbele ulale sawa na ardhi. Huo ndio urefu wako wa njia tambarare. Mtu mwenye kimo cha sentimita 165 hutumia fimbo ya sentimita 110 hadi 115 hivi.

Ukipanda mlima, ifupishe kwa upana wa vidole vinne. Ukishuka, irefushe kwa upana wa vidole vinne, ili ifike chini kabla ya mguu wako. Lakini usivute bomba kupita alama ya mwisho iliyochorwa juu yake. Ukilipita, bomba halina nguvu tena.

Mwenye mguu mmoja unaouma ana kipimo kingine. Asimame mikono ikining'inia. Mpini ufike kwenye kifundo cha mkono. Fimbo aishike kwa mkono wa upande wa mguu mzima, siyo upande unaouma. Wengi hukosea hapo. Na maumivu yakizidi, au goti likivimba, aende zahanati. Fimbo husaidia kutembea, haitibu ugonjwa.

Asiye na fedha afanye nini?

Hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Mtu asiuze mahindi ya chakula ili anunue fimbo ya dukani. Tazama mchungaji. Fimbo yake ni ndefu, hufika kifuani au begani. Akipanda, hushika chini. Akishuka, hushika juu. Hana bomba wala kifungio. Mkono wake ndio unaorefusha na kufupisha.

Nawe waweza kufanya hivyo. Tafuta mti mgumu ulionyooka, uliokauka, usio na ufa wala wadudu. Mnene wake uenee vizuri katika kiganja chako. Toa maganda, lainisha pale unaposhika. Chini funga kipande cha mpira wa tairi kuukuu ili isiteleze kwenye mwamba. Iegemee kwanza nyumbani, kabla hujaiamini mlimani.

Fimbo ya dukani ina faida yake. Ni nyepesi, na ukiifupisha inaingia kwenye mfuko. Mpagazi, mwalimu au mhudumu wa afya anayezunguka vijiji vya mlimani ataiona faida hiyo kila siku. Huyo akipata fedha, anunue. Lakini mkulima mwenye fimbo ya mti iliyo imara hajapungukiwa.

Itunze ikutunze

Ukirudi safarini, chomoa mabomba, futa tope, uyaache yakauke kabla ya kuyarudisha. Usipake mafuta kwenye kifungio, kitateleza. Kabla ya kila safari, iegemee tena uone kama inashika.

Ndugu msomaji, wahenga walisema: mwenda pole hajikwai. Nami naongeza: mwenye fimbo hujikwaa, lakini si rahisi aanguke. Wewe mwenye mama au baba anayepanda na kushuka milima, mkatie fimbo wiki hii. Mpime urefu. Kisha chukua yako, mtembee pamoja. Vijana wakitembea na fimbo, wazee hawataificha tena nyuma ya mlango.

Jirani yangu amepona mkono. Sasa hatoki bila fimbo. Watoto walimcheka siku mbili, kisha wakazoea. Tusingojee mfupa uvunjike ndipo tujifunze.