MTU SI GUNIA LA KAHAWA

Wako watu wa mjini wasemao kwamba kuomba lifti ni tabia ya uvivu, au ni hila ya vijana wasiotaka kulipa nauli. Maneno hayo ni rahisi kwa mtu aliyezoea kuona basi likipita mbele ya nyumba yake kila robo saa. Laiti angekaa wiki moja tu Mbuji, katika vilima vya Umatengo wilayani Mbinga, akapata shughuli ya kumtoa huko na kumrudisha, asingeyasema tena. Huko lori ndilo basi, na mkono ulioinuliwa kando ya njia ndiyo tiketi.

Hatusemi kwamba hakuna maendeleo. Mtu aliyepo Songea leo hupanda basi asubuhi, akafika Mbinga kwa barabara ya lami, na akitaka huendelea kilometa 66 nyingine za lami hadi Mbamba Bay kando ya Ziwa Nyasa. Safari hiyo zamani ilikuwa adhabu, hasa wakati wa mvua. Lakini lami ni uti wa mgongo tu, na watu wengi hawaishi mgongoni. Wanaishi kwenye mbavu, kando ya njia kama ile itokayo Mbinga kupitia Mbuji na Litembo hadi Mkili ziwani. Vilima vya huko vyafikia meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ziwa lenyewe liko chini sana, kiasi cha meta 475. Mwenye kutaka kujua maana ya hesabu hiyo na abebe debe la maharage kichwani ateremke nalo, kisha apande tena na mzigo wa usipa.

Hivyo ndivyo watu wetu wafanyavyo. Huondoka alfajiri kwa miguu, miguu ikiwa na nguvu, na njia yote ikiwa baridi. Huuza, hununua, humwona mgonjwa wao hospitali ya Litembo, au huenda Mbinga kwa jambo la benki na ofisi. Jioni ndipo mambo hugeuka. Mteremko wa asubuhi umekuwa mlima, mzigo umeongezeka, jua linazama, na kwa mbali lori linasikika likinguruma kwenye kona. Ni nani kati ya wanaotucheka ambaye asingeinua mkono?

Basi lori husimama, na utingo husema neno moja: “Panda.” Apandapo ni juu ya magunia, na magunia yenyewe yamepangwa kupita kimo cha bodi. Hapo pa kushika ni kamba ya turubai tu. Dereva naye hajui ni watu wangapi wako juu yake, kwani aliwahesabu utingo, na utingo alihesabu fedha. Lori likiwa limejaa hivyo uzito wake hukaa juu, na katika kona kali hulala upande zaidi ya dereva anavyodhani. Katika mteremko mrefu, dereva ategemeaye breki peke yake huzipasha moto hata zikakosa nguvu ya kushika. Inampasa ateremke kwa gia ile ile nzito ambayo angepandia. Wako madereva wanaolijua jambo hili kama wajuavyo majina ya watoto wao. Wako na wengine ambao huachia gari lishuke bila gia ati kuokoa mafuta, na hao wamebeba roho za watu ishirini kwa bei ya lita moja.

Mwezi Machi 2023, katika wilaya jirani ya Songea, gari la mizigo lililokuwa limebeba wafanya biashara wa mnada lilitumbukia katika Mto Njoka, na watu zaidi ya kumi wakapoteza maisha. Hawa hawakuwa wazururaji. Walikuwa kazini, wakifuata wateja mahali ambapo wateja wapo, kwa chombo kilichokuwapo. Taifa zima lilihuzunika, nasi tulihuzunika. Lakini twauliza: baada ya maziko, ni kitu gani kilichobadilika katika namna watu wapandavyo malori ya mnada na ya mazao? Tuonavyo sisi, ni kidogo sana.

Jibu la haraka la wakubwa ni kukataza. Tayari imekatazwa. Tangu mwaka 1973 nchi hii inayo Sheria ya Usalama Barabarani, na inayo sheria ya leseni za usafirishaji itenganishayo gari la abiria na gari la mizigo. Sisi hatuzipingi sheria hizo. Zimetungwa kwa kulinda uhai. Tunachosema ni kwamba katazo lisilofuatwa na basi huzaa ujanja. Ujanja wenyewe kila mtu anaujua. Kabla ya kufika kwenye kizuizi cha polisi, dereva husimama, abiria hushuka na kutembea kwa miguu kama watu waendao shambani, kisha hupanda tena ng'ambo ya kilima. Ujanja wa pili ni mbaya kuliko huo, nao ni kusafiri usiku, askari wakiwa wamelala. Hapo hatari moja imefanywa mbili.

Na iko hasara nyingine ambayo wananchi wengi hawaitambui mpaka msiba umewafika. Abiria wa basi lenye leseni anayo tiketi, na basi limekatiwa bima kwa ajili yake. Aliyekaa juu ya magunia hana karatasi yoyote. Bima ya lori la mizigo haikukatwa kwa kumfikiria yeye. Akivunjika mguu, mjane au mzee wake huzunguka ofisi kwa ofisi akiulizwa, “Alikuwa ndani ya gari hilo kwa haki gani?”

Kwa hivyo, maadamu lifti ipo na itaendelea kuwapo mpaka mabasi yatakapofika vilimani, yatupasa kuwafundisha watu kuipanda kwa akili. Haya si mambo makubwa. Mtembea kwa miguu na ashike upande wa kulia wa barabara, aone gari limjialo usoni, na giza likiingia avae nguo nyeupe au ajifunge kitambaa cheupe begani. Akitaka kusimamisha gari asisimame kwenye kona, wala katikati ya mlima, kwani dereva wa lori lililojaa hataki kusimama pale, na akisimama huenda likarudi nyuma. Asimame mahali palipo sawa, aonekane kwa mbali. Gari likisimama, asiwe na haraka ya kutupa mzigo juu. Atazame matairi. Amsalimu dereva, na katika salamu hiyo asikilize ulimi wake na kunusa pumzi yake. Ikiwa kuna pombe, amshukuru na amwache aende zake. Kulala njiani katika nyumba ya watu wema hakujamuua mtu Umatengoni.

Nauli ipatanwe kabla ya mguu kuacha ardhi, maana lifti ya kwetu si ya bure, na ugomvi wa fedha usiku porini ni ugomvi wa mnyonge. Namba ya gari iandikwe. Siku hizi simu zimeenea. Namba hiyo ipelekwe kwa ndugu nyumbani, pamoja na saa ya kuondoka, na ifanywe hivyo mbele ya dereva bila kuficha. Dereva mwema hatachukia. Tena ipelekwe mapema, kwa sababu mabondeni simu nyingi hunyamaza. Na juu ya kukaa, tunasema wazi: kama hakuna kiti mbele, na bodi ni tupu, abiria akae chini sakafuni, karibu na chumba cha dereva, akiegemeza mgongo pale. Lori likiwa limejaa magunia, mbao au magogo, asipande. Magogo hayamjui mtu. Vivyo hivyo malori makubwa ya makaa ya mawe yatokayo machimbo ya Ngaka: mahali pa mtu ndani yake ni kwenye kiti mbele, na kama kiti hakipo, basi nafasi haipo.

Lipo jambo moja ambalo hatuwezi kulipita upesi. Ni lifti wapewayo watoto wetu wa kike waendao shule. Msichana wa sekondari aliyetembea saa nzima katika tope, akiwa amechelewa na akiogopa adhabu, akiambiwa na kijana wa bodaboda “panda dada, bure,” ni vigumu kukataa. Leo bure, kesho bure, na wiki ya tatu bure hiyo huombwa malipo. Wengine husema wasichana wana tamaa. Sisi hatulikubali neno hilo hata kidogo. Tamaa imo kwa mtu mzima mwenye pikipiki, siye mtoto mwenye madaftari. Sheria ya Elimu, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, imeweka kifungo cha miaka 30 kwa ampaye mimba mwanafunzi. Lakini kifungo huja baada ya maisha ya mtoto kuvurugika. Wazee wa vijiji na wazazi wanayo njia ya kutangulia. Watoto watembee kwa makundi. Na kama lazima wabebwe, chama cha waendesha pikipiki cha mahali hapo kitaje kwa majina madereva wanaoaminika kwa kazi hiyo, wanaojulikana kwa wazazi, nao walipwe na wazazi wala si na mtoto. Haya ya lifti ya bure ya kila siku yakome.

Wengine watatuambia kwamba lifti haiwezi kuwekewa utaratibu, kwa kuwa ni jambo la bahati. Sivyo. Mwaka 1958 nchini Poland ulianzishwa mpango kwa ajili ya watu wapendao safari ndefu za miguu na kuomba lifti. Msafiri alijiandikisha, akapewa kijitabu chenye kuponi. Dereva aliyempakia alipewa kuponi kwa kadiri ya kilometa alizomsafirisha. Madereva walizipeleka, na waliokusanya nyingi walipata zawadi. Mwenye kijitabu alijulikana ni nani, na alikuwa na bima. Mpango huo uliendelea hata miaka ya 1990. Nako Cuba, baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991 na mafuta kuadimika, serikali iliweka barabarani maofisa wenye sare za rangi ya manjano. Kazi yao ilikuwa kusimamisha magari ya serikali yenye nafasi na kuwapakia wananchi kwa zamu. Gari la umma lilikuwa halina ruhusa ya kupita na viti vitupu huku watu wamesimama juani.

Tukilitazama jambo hilo la Cuba, hatuwezi kuacha kuyataja magari yetu wenyewe. Njia za Mbinga na Nyasa hupita magari ya STK, ya SM, na ya miradi yenye namba za DFP, yote ni imara, yote yamenunuliwa kwa jina la mwananchi, na mara nyingi ndani yake wamo watu wawili. Vumbi lake humwangukia mama aliyebeba mtoto mgonjwa. Tunajua kwamba kanuni za kazi zinakataza dereva wa serikali kupakia watu ovyo, na kanuni hiyo ina sababu zake. Lakini kanuni iliyoandikwa na mtu huweza kuandikwa upya na mtu. Halmashauri zaweza kutoa kibali cha kupakia wagonjwa, wajawazito na wazee, kwa kuandika majina yao katika kitabu cha safari ambacho dereva tayari anacho mkononi. Kitu hiki hakihitaji shilingi moja ya bajeti.

Kwa upande wa malori, twaona mahali pa kuanzia ni vyama vya msingi vya wakulima. Hivyo ndivyo hukodi magari ya kuchukua kahawa vijijini hadi kiwandani Mbinga, na anayekodi gari anayo sauti juu ya gari. Lori liendalo vilimani kuchukua kahawa huenda tupu. Hapo lina nafasi ya watu. Lirudipo limejaa, halina. Chama chaweza kuamua kwamba lori tupu lililokaguliwa na kupata kibali cha mamlaka lipakie idadi ya watu inayojulikana, wote wakae chini, na kwamba lililojaa lisipakie mtu hata mmoja juu ya mzigo. Na dereva atakayevunja sharti hilo asipewe safari nyingine msimu ule. Katika ofisi ya kijiji liwekwe daftari: namba ya gari, jina la dereva, majina ya abiria, saa ya kuondoka. Gari lisipofika, watu wajue nani wa kumtafuta na wapi. Utingo atalalamika kwamba fedha yake ya mfukoni imekatwa. Na alalamike.

Malori ya msimu hukodiwa kabla ya mavuno kuanza, na wakati huo halmashauri za vyama hukutana kujadili bei ya usafirishaji kwa kila gunia. Tunawaomba wajumbe wa Mbuji na wa kata nyingine za vilimani, katika kikao hicho hicho, waongeze kifungu cha watu katika mkataba wa magunia. Daftari na kalamu vinapatikana katika duka la jirani.