Lalago Imkabili Dumuzi kwa Pamoja

Dumuzi hakuzaliwa Tanzania. Alitoka Amerika ya Kati, akaingia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na wakulima wakambandika jina la lori, Scania. Huko Lalago, wilayani Maswa, anayefungua gunia la mahindi ya msimu uliopita anaijua dalili: vumbi jeupe linamwagika kwenye mshono, na punje zimebaki maganda yenye matundu.

Wengi hukimbilia vidonge vya kufukizia. Gesi yake, fosfini, haichagui kati ya mdudu na mtoto aliyelala chumba kimoja na magunia.

Kivumbasi kinastahili kupewa nafasi. Miaka ya 1990 watafiti nchini Kenya walipima mafuta ya mimea ya jamii hiyo dhidi ya wadudu wa ghalani, na kafuri pamoja na yujenoli zilizomo, ile inayoipa karafuu harufu yake, vikaua fukusi. Mvuke wa mafuta hayo hupenya kwenye vitundu vya kupumulia vya mdudu na kuvuruga neva zake. Lakini harufu hiyo hupotea upesi. Kwenye kihenge chenye mianya ni kazi bure. Inahitaji pipa lenye mfuniko wa kubana au mfuko usiopitisha hewa, na mahindi yaliyokauka vizuri.

Hapo ndipo juhudi za mtu mmoja zinapogonga mwamba. Dumuzi anaruka, na hujificha hata kwenye makopa ya muhogo na kwenye mbao. Aliyesafisha ghala lake atavamiwa kutoka kwa jirani.

Kazi ya pamoja imewahi kufaulu kwingine. Kakamega, magharibi mwa Kenya, wakulima wa kikundi cha Muliru walilima mrehani wa kafuri, mmea wa jamii ya kivumbasi, wakakeneka mafuta yake na kutengeneza dawa ya kuchua. Mwaka 2010 walipata Tuzo ya Ikweta. Walianza na mashamba madogo kando ya Msitu wa Kakamega.

Basi wana Lalago wapange siku moja kabla ya mavuno, kila kaya ifagie ghala na kuchoma mabaki ya mwaka jana. Mvua zikianza, kivumbasi kipandwe kuzunguka nyumba, majani yakaushwe kivulini ili mafuta yasipotee. Vyama vya ushirika wa mazao (AMCOS) vinavyokusanya pamba viagize mapipa na mifuko kwa jumla, bei ishuke. Na serikali za vijiji zikiandikie kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru, kule Mwanza, kuomba majaribio kwenye maghala ya Lalago yenyewe, mkulima apewe kipimo cha majani kwa gunia. Barua hiyo ipitishwe kwenye mkutano wa kijiji unaofuata.