Usukani mgumu: gari ikishalipwa, nani anabeba mzigo?

Katika parki za magari za Goma, Bukavu na Bunia, mnunuzi anaangalia kwanza rangi, moteri na matairi. Usukani anaukumbuka nyuma, siku gari imeshafika nyumbani na inamlazimu kuukamata kwa mikono miwili ili aingie tu ndani ya paseli. Hapo ubishi unaanza. Muuzaji anasema gari iliondoka kwake ikiwa nzima. Mnunuzi anasema ameibiwa.

Mara nyingi gari haikujaribiwa mahali panapofaa. Komisionere anamwita mteja kwenye gari ambayo moteri imeshapata moto, wanapiga mbio kidogo kwenye lami, wanarudi. Lakini gari ikiwa mbioni, hata usukani wenye ugonjwa unakuwa mwepesi. Ugumu unaonekana gari ikiwa imesimama ao ikitembea polepole, moteri ikiwa bado baridi. Mnunuzi azungushe mpaka mwisho kuume, kisha mpaka mwisho kushoto, na asikilize. Mkanda ukilia, umelegea ao umechakaa, na hiyo si bei kubwa. Pompe ikinguruma, mara nyingi mafuta ya direksio yamepungua, na mafuta hayo hayapungui yenyewe: kuna mahali yanavuja. “Papa, ni mafuta tu, utaongeza kidogo” ni jibu ambalo kila parki iko nalo. Fundi akiinama chini na kukuta kremayere imeloa, hiyo si tena habari ya kuongeza mafuta.

Gari ndogo nyingi hazina hata mafuta hayo; usukani wake unasaidiwa na umeme. Kwa hizo, taa ya usukani kwenye dashibodi inapaswa kuwaka mtu akifungua kontakti, kisha izimike moteri ikianza. Isipowaka hata kidogo, huenda kuna mtu ameitoa ili isiseme. Wakati mwingine, ni kweli, ugonjwa wote ni matairi ya mbele yenye upepo mdogo.

Kuna pia gari za okazi kutoka Japani, zinazopitia Mombasa ao Dar es Salaam na usukani wake kuume, ambazo garaji inahamishia usukani kushoto kwa sababu Kongo watu wanapita kuume. Kazi hiyo ikifanywa ovyo, chuma cha usukani kinakaa upande, na hakuna mafuta yatakayokilainisha.

Kwenye Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira, jambo hili si la raha ya dereva tu. Usukani unaochelewa kurudi katika kona, korongo likiwa pembeni, unaweza kumaliza watu. Na dereva anayezima moteri katika mteremko ili achunge mafuta anajiondolea msaada wa usukani na wa breki kwa mara moja.

Sheria iko. Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 juu ya mikataba inamlazimisha muuzaji kujibu kwa kasoro zilizofichwa: mnunuzi anaweza kurudisha gari na kupewa pesa yake, ao kubaki nayo na kurudishiwa sehemu ya bei, ila asikawie kulalamika. Lakini sheria hiyo hiyo haimlindi kwa kasoro ambayo angeweza kujionea mwenyewe. Usukani mgumu unakaa katikati, na ndipo wauzaji wanajificha: “Si uliijaribu?” Karatasi nyingine zinaongeza kwamba gari inauzwa jinsi ilivyo. Maneno hayo yanaweza kumsaidia muuzaji ambaye hakujua kasoro. Aliyeijua na kunyamaza hayamwokoi.

Kinachokosekana ni ushahidi. Tangu benki zifunge milango Goma mwisho wa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, dola nyingi zinapita mkononi, bila alama. Kwa hiyo karatasi ya mauzo ndiyo inabaki kusema. Iandikwe namba ya shasi, pesa iliyotolewa, na mstari mmoja: usukani ulijaribiwa moteri ikiwa baridi, ukakutwa hivi. Fundi awe wa mnunuzi, si yule anayesimama parkini. Sehemu ya bei ikibaki kulipwa nyuma ya wiki moja, muuzaji anapokea simu haraka zaidi. Jina la komisionere pia liandikwe, maana yeye analipwa siku ile ile, na kesho yake yuko na mteja mwingine.